Kuhesabu kitaa cha mita: kipima matumizi ya stima cha kujitengenezea nyumbani

Kwenye uso wa mita ya tokeni pana kitaa kidogo, aghalabu chekundu, kinachopepesa mchana na usiku. Kando yake pameandikwa nambari kama 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au 3200 imp/kWh. Hiyo ndiyo idadi ya mipepeso inayofanya yuniti moja. Mita yenye 1000 ikipepesa mara elfu, yuniti moja imekwenda. Basi anayetaka kujua stima ya nyumba yake inaliwa na nini hana haja ya kugusa waya wenye moto. Kazi ni kuhesabu mwanga.

Na kabla hujatoa hata shilingi, hesabu kwa macho. Simama mbele ya mita na saa ya simu, pima sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha ugawe: wati = 3,600,000 ÷ (nambari ya mita × sekunde). Kwa mita ya 1000 hesabu ni nyepesi zaidi, 3600 ÷ sekunde. Birika la stima la wati 2000 litapepesa kitaa kila sekunde 1.8. Friji inayovuta wati 120 itakipepesa kila nusu dakika. Chaja ya simu ya wati 5 ikiwa peke yake, utangoja dakika 12 nzima. Zima kila kitu, washa kimoja, pima, zima. Kwa birika na feni, njia hii inatosha kabisa, na wengi wangeishia hapo bila hasara.

Inaposhindwa ni kwa vitu vinavyojiwasha na kujizima vyenyewe: friji, pampu ya maji ya presha, eya-kondishena. Hapo unahitaji kitu cha kukaa macho saa 24.

Vifaa

Bodi ya NodeMCU yenye chipu ya ESP8266 (kompyuta ndogo yenye wifi), moja. Ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya bajeti. Vingine ni vya bei ya chini. Kihisi cha mwanga cha LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga) kilichokwisha kuunganishwa kwenye kibodi, yaani bodi ndogo, chenye chipu ya LM393 ya kulinganisha mwanga na mpaka uliowekwa, na skrubu ya buluu ya kurekebishia. Nunua viwili, kwa sababu kimoja kitakufa kwa chumvi ya hewa ya pwani. Rezista ya kilo-omu 4.7, kapasita ya nanofaradi 100, chaja ya simu ya volti 5 iliyo nzima, kebo ya USB, waya mwembamba wa nyuzi tatu, tepu nyeusi, na kipande cha kandambili nyeusi iliyochakaa. Kandambili si mzaha, utaona.

Katikati ya mji wa Mombasa chaja, tepu, waya na risasi ya kulehemu hazikosekani. Bodi zenyewe mara nyingi huagizwa kutoka maduka ya Nairobi na kuletwa kama kifurushi cha basi, kwa hiyo agiza vyote kwa mpigo mmoja. Ukifika dukani sema wazi kwamba unataka kihisi chenye pini ya DO, ile inayotoa jibu la ndiyo au hapana, si chenye AO peke yake. Na kebo ya USB iwe ya kupitisha data. Kebo za kuchajia tu ni nyingi sana, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akidhani bodi imeharibika.

Kukifunga kihisi

Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika.

Kata duara la raba ya kandambili, kipenyo kama cha sarafu ya shilingi ishirini, unene wa sentimita moja hivi. Toboa tundu la milimita 5 katikati. LDR ya kawaida ina upana huohuo na itakaa humo kwa kubana. Isukume mpaka ibaki milimita 2 au 3 kabla ya kutokea upande wa pili. Upande huo ndio utakaolala juu ya kitaa cha mita. Raba nyeusi huzuia jua, hukaa vizuri kwenye uso usio sawa, na haikwaruzi plastiki.

Kibodi cha LM393 nacho kina vitaa vyake viwili, kimoja cha kuonyesha kina moto na kingine cha kuonyesha kimehisi mwanga. Mwanga wao huvuja ukaingia kwenye LDR, na kihisi hubaki kikijihisi chenyewe. Vibandike tepu nyeusi baada ya kumaliza kurekebisha. Kosa hili ni dogo na linasumbua kuliko makosa yote ya programu.

Bandika raba kwenye mita kwa gundi ya kufinyanga ile ya kubandikia picha ukutani, au tepu. Usitumie gundi ya haraka. Mita ni mali ya Kenya Power. Usiifungue, usiguse sili yake, usifunike nambari yake wala vibonye. Kuichezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na kifaa hiki kimebuniwa kibanduliwe kwa sekunde mbili bila kuacha alama.

Uunganishaji ni waya tatu: VCC ya kihisi kwenye 3V3 ya NodeMCU, GND kwenye G, DO kwenye D5. Usikipe kihisi volti 5, kwa kuwa pini za ESP8266 ni za volti 3.3. Epuka pia D3, D4 na D8: chipu huzisoma pini hizo inapowaka, na ikizikuta zimevutwa upande usiofaa bodi haitaamka.

Kama mita iko barazani na bodi iko ndani karibu na soketi, kiache kibodi cha LM393 pale pale kwenye mita na urefushe hizo waya tatu. Usirefushe miguu ya LDR. Kwenye ncha ya bodi weka rezista ya 4.7 kati ya D5 na 3V3, na kapasita kati ya D5 na G. Bila hivyo, pampu ikiwaka waya mrefu huokota mshtuko wake na utahesabiwa mipepeso ambayo mita haikuitoa. Usiupitishe waya huo sambamba na waya wa stima ya pampu.

Sasa kurekebisha. Washa birika ili kitaa kipepese haraka. Zungusha skrubu ya buluu polepole mpaka kitaa cha kihisi kizime kabisa, kisha irudishe kidogo kidogo mpaka kiwake kwa kila mpepeso na kuzima katikati. Fanya hivyo mchana, jua likiwa upande wa mita. Ukirekebisha usiku, kesho saa tisa alasiri kitakwama.

Programu

Weka Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia bodi, kwenye kompyuta, ongeza bodi za esp8266, chagua NodeMCU 1.0, kisha upakie hii:

const int PINI = D5;
const float MIPEPESO_KWH = 1000.0;
const unsigned long KIZUIZI = 60;

volatile unsigned long mipepeso = 0, mwisho = 0, pengo = 0;

void IRAM_ATTR hesabu() {
  unsigned long sasa = millis();
  if (sasa - mwisho < KIZUIZI) return;
  pengo = sasa - mwisho;
  mwisho = sasa;
  mipepeso++;
}

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  pinMode(PINI, INPUT_PULLUP);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(PINI), hesabu, FALLING);
}

void loop() {
  delay(10000);
  noInterrupts();
  unsigned long m = mipepeso, p = pengo, k = millis() - mwisho;
  interrupts();
  if (k > p) p = k;
  float wati = 3600000000.0 / (MIPEPESO_KWH * p);
  Serial.printf("%lu mipepeso  %.3f yuniti  %.0f W\n", m, m / MIPEPESO_KWH, wati);
}

Badilisha 1000.0 iwe nambari ya mita yako. Mstari wa "if (k > p)" una kazi yake: ukizima birika, mpepeso unaofuata huenda ukachukua nusu dakika, na bila mstari huo kifaa kingeendelea kudai wati 2000 wakati nyumba imetulia. Jibu la kwanza baada ya kuwasha lipuuze, kwa kuwa pengo lake limehesabiwa tangu bodi ilipoamka.

Hii huonyesha majibu kwenye kompyuta tu, na inatosha kwa majaribio. Asiyependa kuandika programu apakie Tasmota, programu iliyokwisha kuandikwa, aiweke D5 kuwa Counter 1, na aandike CounterDebounce 60, ambayo ndiyo KIZUIZI chake. Mwenye Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani) kwenye kompyuta kuukuu atumie ESPHome, ambayo ina pulse_meter, yaani kihesabio cha mipepeso, tayari. Zote mbili zitakupa ukurasa wa kufungua kwa simu. Kumbuka ESP8266 hushika wifi ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta iliyowekwa 5 pekee haitaiona kamwe.

Stima ikikatika, hesabu iliyo kwenye kumbukumbu ya muda hurudi sifuri. Usijaribu kulitibu hilo kwa kuhifadhi kila mpepeso: kumbukumbu ya kudumu ya bodi hizi huhimili kufutwa na kuandikwa mara maelfu kumi au zaidi, na nyumba ya yuniti 8 kwa siku yenye mita ya 1000 hutoa mipepeso 8,000 kila siku. Ingechakaa upesi. Hifadhi mara moja kwa saa, na uridhike kupoteza saa moja siku ya giza.

Kukihakiki, na yanayoharibika

Andika yuniti zilizobaki kwenye mita saa moja asubuhi, andika tena saa moja jioni, linganisha tofauti hiyo na hesabu ya kifaa. Vikikubaliana kwa siku tatu, kiamini.

Kifaa kikihesabu zaidi ya mita, mara nyingi LDR ndiyo ya kulaumiwa. Ni nzito: huchukua makumi ya milisekunde kubadilika, na ikipita taratibu kwenye mpaka uliowekwa kwa skrubu, LM393 hutetemeka ikatoa majibu mawili au matatu kwa mpepeso mmoja. Kizuizi cha milisekunde 60 humeza mtetemeko wa mwanzo, lakini kama mpepeso wa mita yako ni mrefu, mtetemeko wa mwisho hupenya. Kipandishe kizuizi hadi 120. Kwa mita ya 1000 bado utaweza kupima hadi wati 30,000. Kwa mita ya 3200 mwisho wako utakuwa wati 9,400 hivi, na hapo mwenye hita ya kuogea na eya-kondishena mbili afikirie tena.

Kikihesabu pungufu mchana tu, jua linaingia: raba haikulala sawa. Kikihesabu pungufu muda wote, mipepeso ya mita yako ni mifupi kuliko LDR inavyoweza kufuata. Tafuta kihisi cha fototransista badala yake, ila uache zile zenye kichwa cheusi. Hizo zimechujwa kuona miale ya infraredi, na kitaa chekundu hazikioni vizuri.

Kisipohesabu kabisa na kila kitu kinaonekana sawa, tazama pini. Hewa ya pwani ina chumvi, na waya za kuchomeka za majaribio huota kutu ya kijani ndani ya miezi michache. Kwa Nyali au Likoni karibu na maji, hesabu wiki. Lehemu kila kiungo, kisha paka bodi rangi ya kucha isiyo na rangi, ukiacha tundu la USB, pini na uso wa LDR. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tia viwili ndani ya kisanduku. Kisanduku cha nje kitobolewe chini, si juu wala ubavuni, na waya ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya masika yadondoke kwenye kona hiyo yasifuate waya ndani. Ziba nafasi iliyobaki. Sisimizi hupenda mahali penye joto, na mjusi akiingia hatoki.

Mita usipoifikia

Kwenye magorofa mengi mita zimefungiwa kwenye kabati la chini, au ziko juu ya nguzo, na ndani umeachiwa kisanduku cha kuingizia tokeni tu. Hapo itabidi upime kwenye kisanduku cha breka, na kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Volti 240 hazina mwanafunzi.

Moduli ya kununua ni PZEM-004T toleo la 3.0, ya ampea 100, yenye pete ya kupimia mkondo inayofunguka. Hupima volti, ampea, wati halisi, yuniti, masafa na pawa fakta (sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli), kwa stima ya kati ya volti 80 na 260. Kuna wanaopendekeza pete ya SCT-013 peke yake kwa kuwa ni rahisi zaidi. Hatuipendekezi. Pete peke yake hujua ampea tu, haijui volti wala jinsi zinavyopishana, na mota za friji, feni na pampu hupishanisha sana. Mota yenye pawa fakta ya 0.6 itakuonyesha theluthi mbili zaidi ya inachokula kweli, na utaanza kuilaumu friji bure.

Fundi ataunganisha laivu na nyutro kwenye skrubu za moduli kupitia breka ndogo au fyuzi ya ampea 1, na pete itazunguka waya mkuu wa laivu peke yake. Ikizunguka laivu na nyutro pamoja, mikondo hiyo miwili hufutana na jibu ni sifuri. Nyaya za pete ziingizwe kwenye moduli kwanza, ndipo pete ifungwe kwenye waya mkuu. Pete iliyofungwa huku nyaya zake zikining'inia inaweza kuzalisha volti kubwa. Moduli iwe ndani ya kisanduku cha plastiki, maana nusu ya bodi yake ina stima tupu.

Upande wa NodeMCU: ipe moduli volti 5 na GND. RX yake iende D2. TX yake ipitie rezista ya kilo-omu 10 hadi D1, na kutoka D1 rezista ya 20 iende GND, ili volti 5 zishuke hadi takriban 3.3. Tumia maktaba iitwayo PZEM004Tv30. Ukiona nan (yaani "si nambari") badala ya nambari, sababu ni mojawapo ya tatu: TX na RX zimebadilishana, umeuziwa toleo la zamani lenye lugha nyingine, au, na hii ndiyo huwachanganya wengi, unaijaribu mezani bila stima kwenye skrubu zake. Chipu inayopima hulishwa na ile 240 yenyewe. Pasipo stima hainong'oni.

Kuzisoma nambari

Bei ya yuniti usiikisie. Chukua risiti ya tokeni, gawa pesa zote ulizolipa kwa yuniti ulizopata, kodi na tozo zikiwemo. Irudie kila mwezi, kwa kuwa tozo ya mafuta hubadilika. Tena, kwa bei zilizoanza Aprili 2023, kiwango cha chini cha nyumbani kiliishia yuniti 30 kwa mwezi na kilichofuata 100. Nyumba inayocheza kwenye 96 ina sababu ya kutazama hesabu yake tarehe 25 kuliko nyumba ya 60.

Friji ipime kwa saa 24 kamili, kamwe si kwa dakika kumi. Wakati wa joto la Kaskazi rudia kipimo, hasa kama mgongo wake umeegemea ukuta unaopigwa na jua la jioni. Feni ya dari ya wati 75 ikizunguka saa kumi hula yuniti 0.75, ambayo watu huidharau, halafu huzidisha kwa vyumba vitatu. Kifaa hiki chenyewe pamoja na chaja yake kikila wati 1, kwa mwezi ni yuniti 0.7.

Lakini nambari ya kutazama kwanza ni ya saa tisa usiku, wote wamelala. Toa feni unazojua zinazunguka. Kinachobaki ni friji, dikoda, ruta na vitu vilivyosahauliwa kwenye soketi. Ukiona hapo kilele kifupi kinachorudi kila baada ya dakika kadhaa, ile ni pampu ya presha ikijaza maji yanayovuja. Funga koki ya choo kabla ya kulala usiku wa pili. Vilele vikitoweka, nunua raba ya tangi la choo, usinunue pampu.